Bado Hujamjua

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alikwenda mbele ya Khalifa Omar bin Khattab kutoa ushahidi, na Omar akamwambia: sikujui, niletee anayekujua. Akasimama mmoja kati ya waliohudhuria, akasema, mimi namjua, ni mtu mwadilifu. Omar akamuuliza mambo matatu. Ni jirani yako wa karibu, unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Hapana. Mmewahi kushughulika kwa dinari na dirhamu? Hapana. Mmewahi kusafiri pamoja? Hapana. Basi bado hujamjua, akasema Omar, na yule shahidi akaambiwa aende akamlete anayemjua. Katika baadhi ya masimulizi Omar huongeza kwamba huenda huyo aliyemsifu alimwona tu mwenzake msikitini, akiinamisha kichwa na kukiinua.

Kinachonivutia ni kwamba Omar hakuuliza sifa hata moja. Hakutaka kujua kama mtu yule ni mkweli, mpole au mchapakazi. Aliuliza wamekutana wapi. Ujirani, fedha na safari ni mahali ambapo mtu hawezi kujichunga kwa muda mrefu. Jirani atakusikia ukimfokea mtoto, anayekudai atakuona siku ya kulipa, na mwenzako wa safari atajua unavyokuwa maji ya kunywa yakiisha. Chumba cha usaili ndicho msikiti wa kisa hiki kwa siku zetu. Kila aingiaye amekwisha fundishwa wakati wa kuinama na wakati wa kuinuka. Shati limenyooshwa, udhaifu wake mkubwa ni kwamba anajituma kupita kiasi, na ukimuuliza atakuwa wapi miaka mitano ijayo, atakuwa papo hapo kwenye ofisi yako.

Ndiyo maana wapo waajiri walioamua kutazama kwingine: getini, kwenye gari, mezani, kwenye foleni ya chai. Wanaposimuliwa husifiwa kwa ujanja. Mimi naona ujanja ni sehemu ndogo kabisa ya kazi yao. Kumtazama mtu bila kumwingilia, ukaona alichofanya badala ya ulichotarajia afanye, kisha ukazuia hukumu yako mpaka uone tena, ni ufundi kamili. Una wanafunzi na una mabingwa, na wengi wetu tunaodhani tunaujua hatujaufikia hata kidogo.

Huku kwetu unafanyika bila kuitwa jina. Kijana anayetaka kuendesha daladala Dar es Salaam mara nyingi haanzi kwa barua ya maombi. Huanza kama deiwaka: dereva wa kila siku leo anauguza au amechoka, na kijana anashikilia usukani kwa siku hiyo. Hakuna anayemwambia kuwa anapimwa, ingawa kijiwe kizima kinajua. Jioni hesabu ikifika, jicho la mwenye gari halikomei kwenye noti. Mafuta yamebaki kiasi gani? Ule mlio wa tairi la nyuma umetajwa au umenyamaziwa? Konda anamzungumziaje dereva huyu akiwa hayupo? Deiwaka anayesema mwenyewe kwamba amekwaruza bampa, kabla mtu hajainama kuitazama, mara nyingi ndiye anayeitwa tena wiki ijayo.

Lakini pahali ambapo ufundi huu ulifanywa kwa subira kuliko pote nilikowahi kusoma habari zake ni kwenye shamba moja huko Fairfax, jimbo la Virginia, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Shirika la ujasusi la OSS, lililoanzishwa mwaka 1942 chini ya William Donovan, lilikuwa likipeleka watu katika nchi zilizokaliwa na adui, na baadhi yao walikuwa wakivunjika moyo au kuharibu kazi kabla haijaanza. Wengi walikuwa wamechukuliwa kwa sababu fulani anamjua fulani. Mwishoni mwa mwaka 1943, kwa kufuata mfano wa jeshi la Uingereza, shirika likafungua kituo kilichoitwa Station S. Wanasaikolojia, miongoni mwao Henry Murray wa Chuo Kikuu cha Harvard na Donald MacKinnon aliyekiongoza kituo, wakapewa siku tatu na usiku wake kuwajua watu wasiowajua.

Hatua yao ya kwanza ilikuwa kumvua mtu kila kitu kinachomsemea. Waombaji waliacha nguo zao Washington, wakavaa sare za kazi za jeshi zisizo na cheo, wakachagua majina ya uongo, kisha wakapakiwa lorini. Kanali na koplo walishuka wakiwa hawatofautiani. Kila mmoja aliamriwa ajitungie maisha mengine: adai amezaliwa asikozaliwa, amesoma asikosoma, anafanya kazi asiyoifanya, anaishi asikoishi. Watumishi wa kituo walilala hapo hapo na kula nao meza moja, na katikati ya chakula mtu angeweza kuulizwa, kwa sauti ya mazungumzo tu, kuhusu mji anaodai kukulia.

Zoezi ninalolipenda lilifanyika nje. Mwombaji aliitwa peke yake, akaonyeshwa rundo la nguzo na vipande vya mbao vya kuchomekana, mfano wa mchezo wa watoto uliokuzwa sana, na akaambiwa ajenge fremu kwa dakika kumi. Kwa kuwa kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja, angepewa wasaidizi wawili kutoka shambani. Wakaja Kippy na Buster. Kippy alikuwa mzito, hafanyi kitu mpaka aambiwe, na akisimama husimama njiani. Buster alikuwa mjuaji: ana ushauri usio na kichwa wala miguu, anakosoa kila amri, anadodosa hadithi ya bosi wake mpya na kuicheka. Wote wawili walikuwa watumishi wa kituo. Hakuna mwombaji hata mmoja aliyeimaliza fremu ile ndani ya dakika kumi, na haikukusudiwa imalizwe. Wapo waliotukana, wapo waliosusa na kujenga peke yao, na wapo waliofikia kutaka kupigana.

Ustadi wa Kippy na Buster ndio unaonikosha. Kero yao ilipaswa kuwa na kipimo. Ikizidi inakuwa uonevu, na hata mtu mwenye subira ya Ayubu atalipuka, usijue lolote juu yake ila kwamba ni binadamu. Ikipungua, mwombaji anabaki na adabu zake za usaili. Tena kipimo hicho hicho apewe wa kwanza na wa mwisho, asubuhi na alasiri, Kippy akiwa na mafua au mzima, la sivyo huwezi kulinganisha mtu na mtu. Waigizaji wa jukwaani wanapigiwa makofi. Hawa walitukanwa, wakameza, wakazibomoa nguzo chache zilizokuwa zimesimama, na kumngoja mwingine aitwe.

Na lipo zoezi jingine linaloonyesha jinsi walivyomwelewa binadamu. Mwombaji aliambiwa: umekamatwa usiku katika jengo la serikali ukipekua mafaili ya siri, una dakika 12 za kutafuta maelezo yatakayokuokoa. Kisha aliketishwa mbele ya taa kali, wahojaji wakiwa gizani, na maswali yakammiminikia, kila kujikanganya kukidakwa. Mwishoni aliambiwa kwa sauti kavu kwamba ameshindwa. Alipotoka alielekezwa chumba kingine, ambako alimkuta mtumishi mpole, kiti cha kustarehe, sigara, na swali la kirafiki: vipi, imekuwaje huko ndani? Hapo ndipo sehemu muhimu ya mtihani ilipoanza. Wapo waliostahimili taa na makelele, kisha wakamsimulia huyo mpole maisha yao ya kweli, jina la bandia wakalisahau mlangoni.

Mtu hujilinda mbele ya anayemtisha. Mbele ya anayempa kiti hulegea, na akilegea ndipo unapokutana naye. Waliobobea katika kazi hii hawatafuti namna ya kumbana mwombaji. Wanatafuta dakika ile anayoamini kwamba mtihani umekwisha, na wanahakikisha kuna mtu mwenye macho mahali hapo. Ndiyo maana jioni moja Fairfax waliweka vinywaji mezani, wakaketi na waombaji kama wenzao.

Baada ya siku tatu walikuja kwenye kazi ngumu kuliko zote, nayo haina msisimko wowote wa kusimulia. Waliketi kikao, mwombaji mmoja baada ya mwingine, kila aliyemtazama akaeleza alichoona, wakabishana, wakaandika maelezo ya mtu mzima badala ya alama tupu. Aliyemwona akichemka kwa Buster alilazimika kumsikiliza aliyemwona akimsaidia mwenzake kuvuka kijito na gogo begani. Hata waombaji wenyewe waliulizwa wangependa kufanya kazi na nani kati ya wenzao.

Kwa ajili ya OSS walipimwa watu zaidi ya 5,000 kwa namna hii. Mwaka 1948 timu ilichapisha kitabu, Assessment of Men, na ndani yake ilifanya jambo ambalo washauri wa ajira wa leo hulikwepa: ililinganisha hukumu zake na taarifa za utendaji kutoka ng'ambo, ikakuta kwamba zilipatana kwa kiasi kidogo tu, ikaandika hivyo. Watu walioigiza ujinga, wakala na kulala mahali pamoja na waombaji, walikiri hadharani kwamba bado walikuwa hawajawajua sana. Heshima yangu kwao iliongezeka hapo.

Jeshi la Uingereza, walikochukua wazo, lilikuwa limeanza mwaka 1942 na bodi zake za kuchagua maofisa. Huko ndiko Wilfred Bion, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kuwa ofisa wa vifaru katika vita vya kwanza, alipoleta zoezi ambalo limedumu hadi leo. Kundi la watu linapewa kazi, tuseme kujenga daraja, bila kiongozi kuteuliwa. Watazamaji wanasimama kando na hawasemi kitu. Ukimwambia mtu asiyejua akatazame, atatazama daraja. Aliyejifunza kidogo atamtazama anayetoa amri kwa sauti kubwa. Bion aliona mbali zaidi. Kila mmoja pale anataka kuonekana yeye, na hawezi kuonekana bila kushirikiana na wale anaoshindana nao. Mtazame basi anavyoubeba mgongano huo. Je, akipata wazo zuri kutoka kwa mnyonge wa kundi, analitaja kuwa ni la nani? Shirika la ndege la Southwest la Marekani lilifanya jambo linalofanana na hilo lilipowaweka waombaji chumba kimoja, kila mmoja asimame ajieleze mbele ya wengine. Wasaili walikuwa wakiwaangalia pia walioketi: nani anamsikiliza mwenzake, nani anamtia moyo anayebabaika, nani anapitia karatasi zake akingoja zamu.

Tony Hsieh, aliyeiongoza kampuni ya kuuza viatu ya Zappos kule Las Vegas, alisimulia njia nyepesi zaidi. Waombaji kutoka miji mingine walipokelewa uwanja wa ndege na gari la kampuni, wakazungushwa na kuhojiwa kutwa, kisha msaili alikwenda kumuuliza dereva alivyotendewa. Aliyemdharau dereva hakuajiriwa. Walt Bettinger, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya fedha ya Charles Schwab, alieleza mwaka 2016 kwamba alikuwa akiwaalika waombaji kifungua kinywa, akiwahi mwenyewe hotelini na kuomba kwamba chakula cha mgeni kikosewe makusudi, ili aone atakavyolipokea kosa hilo.

Naona tofauti kubwa kati ya hawa wawili. Dereva wa Zappos hakumfanyia mtu kitu chochote. Alimpakia, akaendesha, akaona. Mezani kwa Bettinger mhudumu anafanywa chambo cha ugomvi usiomhusu, na mwombaji anapewa nafasi moja tu, asubuhi moja, ya kuonyesha yeye ni nani. Hilo Kippy na Buster wasingelikubali bila siku tatu nyingine za kulithibitisha. Kisa cha Bettinger mwenyewe kinachonigusa ni kingine. Alisimulia kuwa katika mtihani wake wa mwisho chuoni mwalimu aligawa karatasi tupu, na swali likawa moja: anayesafisha jengo hili anaitwa nani? Hakujua. Alikuwa amepishana naye mara nyingi na hakuwahi kumuuliza jina.

Mtego wa mara moja una hatari yake, nayo imepimwa. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo jingine kwenda kutoa hotuba fupi, baadhi yao juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alimkuta mtu amejikunyata mlangoni, akikohoa na kuguna. Walioambiwa kwamba wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa kwamba wamechelewa, asilimia 10 tu. Msamaria aliyekuwa kichwani mwao hakuleta tofauti kubwa. Wapo waliomruka mgonjwa wakikimbilia kumsifu Msamaria.

Sasa mfikirie msichana aliyetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kwa usaili wa saa mbili Posta. Amesimama kwenye daladala mwendo wote, foleni imemla dakika arobaini, kiatu kimekanyagwa, na zimebaki dakika tatu. Anampita askari wa getini bila salamu. Ukiandika kwamba ana dharau, umeandika habari za foleni ya Kilwa Road ukaziita tabia. Bingwa angeandika tu: hakusalimia, alikuwa akikimbia. Kisha angengoja amwone akitoka, pumzi ikiwa imerudi. Kuna uchunguzi wa zamani zaidi, wa Hugh Hartshorne na Mark May, uliochapishwa kuanzia mwaka 1928 baada ya kuwapima maelfu ya watoto wa shule Marekani kwa nafasi nyingi za kudanganya. Mtoto aliyeibia majibu darasani si lazima ndiye aliyedanganya mchezoni. Tendo moja mahali pamoja halitoshi, na hata Omar aliuliza maswali matatu.

Kwa hiyo mtazamaji mzuri huwa na mambo machache ambayo wengi wetu hatuna. Hutenganisha alichoona na alichohisi, jambo linaloonekana rahisi mpaka ujaribu kuandika mistari mitano juu ya mtu aliyekuudhi. Humtafutia mtu kazi ya kweli ya kufanya, kwa sababu mtu mwenye shughuli mikononi husahau uso wake. Huwatazama waombaji wote katika mazingira yale yale. Na hujitazama yeye mwenyewe, kwa kuwa askari naye ana watu anaowapenda kwa lafudhi au kabila lao, katibu muhtasi anaweza kuwa na binamu anayeitaka nafasi hiyo hiyo, na bosi hupenda anayecheka kama yeye.

Kuhusu wanaochimbua kurasa za mwombaji mtandaoni, wakasoma alivyomjibu shangazi yake mwaka 2016 na picha za harusi ya rafiki, sitasema mengi. Huo si ufundi. Hauna mazingira yanayofanana kwa wote, hauna kungoja, na unamleta kazini mtu wa miaka kumi iliyopita. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinamtaka anayekusanya habari za mtu awe na sababu halali. Kumtazama mgeni aliyekuja ofisini kwako mwenyewe, katika mambo ya kawaida ya siku hiyo, ni kitu kingine. Waombaji wa Fairfax, kwa siri zote zile, walijua kwamba wamekuja kupimwa. Walichokuwa hawajui ni dakika ipi.

Ukiwa na nafasi ya kazi mwezi ujao, na ukataka kujaribu, usinunue programu wala usikodi mshauri. Wape waombaji wote kazi moja ndogo ya pamoja inayohusu kazi yenyewe, kaa kando, na unyamaze. Kisha nenda kwa askari wako na kwa mama anayeleta chai. Usiwaulize wanamwonaje fulani, maana watakupa jibu wanalodhani unalitaka. Waulize alifanya nini alipofika, alifanya nini alipokuwa akingoja, na alifanya nini wakati wa kuondoka. Andika majibu yao kama yalivyo, ulale, ndipo uamue.